Lini Kinywaji Kimeiva? Uamuzi wa Wakati wa Kunywa, kutoka Mvinyo wa Ghalani hadi Pombe ya Ndizi ya Rugaaga

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna watunzaji wa mvinyo na wapika pombe wanavyoamua kwamba wakati wa kunywa umefika. Mfano mkuu ni pombe ya ndizi ya Rugaaga, Wilaya ya Isingiro, ndani na kandokando ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mvinyo mwekundu uliozeeshwa ghalani unatumika kama kipimo cha kulinganishia. Inadaiwa kwamba uamuzi huo ni maarifa ya dalili, wala si kalenda tu, na kwamba kitenzi "kuchacha", kinachobeba hali mbili zilizo kinyume, kinaweza kuwaficha watunga sera saa wanayopaswa kuiona zaidi, yaani saa ambayo pombe iliyokosa mnunuzi huanza safari ya kuelekea kwenye mtungi wa waragi.

Utangulizi

Swali la lini kinywaji kinyweke huonekana kuwa la watu wenye nafasi. Mwenye ghala la mvinyo huko Ulaya ana chupa ya miaka kumi na mitano na hajui aifungue mwaka huu au asubiri. Akikosea, hasara yake ni jioni moja iliyopoa. Rugaaga swali hilo hilo humkabili mama aliyekopa fedha za kununua mikungu ya ndizi, akaivundika, akaikamua, na sasa anasimama juu ya mtumbwi wa pombe akiamua auze leo jioni au kesho asubuhi. Akikosea yeye, ada ya shule huenda na povu. Muda wa mmoja hupimwa kwa miaka na wa mwingine kwa saa, lakini umbo la uamuzi ni moja: kinywaji hupanda, hukaa kileleni kwa kitambo, kisha hushuka, na hakimwambii mtu kwa maneno kimefika wapi.

Rugaaga ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili kwa sababu ya watu wake. Makazi ya Nakivale yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kabisa barani Afrika. Isingiro yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara hadi ilipojitenga mwaka 2005. Leo Wanyankole wenyeji wanaishi jirani na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Pombe ya ndizi huitwa tonto na Waganda na majirani zao wengi. Kwa Wanyarwanda ni urwagwa, kwa Warundi urwarwa, kwa Wakongo wa Kivu kasiksi. Ukivuka Mto Kagera kuingia Tanzania, Wahaya huiita rubisi. Kinywaji ni kimoja kwa asili, na majina matano yote yanaweza kusikika katika soko moja. Mazungumzo ya bei, hata hivyo, mara nyingi hufanyika kwa Kiswahili.

Saa ya mvinyo

Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani hukusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache. Ni aina chache tu nyekundu, zenye tanini nyingi na asidi ya kutosha, kama zile bora za Bordeaux nchini Ufaransa au Barolo nchini Italia, zinazofaidika na kungoja miaka kumi, ishirini au zaidi. Ndani ya chupa, tanini huungana polepole na chembe za rangi hadi zikawa nzito na kuanguka chini kama mashapo. Ukakasi unaokausha ulimi hupungua. Harufu ya tunda hupisha harufu za ngozi, tumbaku na majani makavu, na wekundu huelekea kahawia. Ukipita hapo, tunda hutoweka kabisa na kubaki ukali mtupu.

Tatizo la mtunzaji ni kwamba kuonja ni kuharibu. Chupa ikishafunguliwa haiwezi kurudishwa ghalani. Ndiyo maana wenye uzoefu hununua kreti ya chupa kumi na mbili za mvinyo mmoja, hufungua ya kwanza baada ya miaka kadhaa, kisha nyingine kila baada ya mwaka au miwili, huku wakiandika walichokionja. Chupa mbili mfululizo zisipoonyesha kuendelea, zilizosalia hunywewa bila kuchelewa. Mwenye chupa moja hana kipimo hicho. Hutegemea taarifa za watu walionunua mvinyo ule ule. Tena makosa mawili yanayowezekana hayalingani. Mvinyo uliofunguliwa mapema mno unaweza kumiminwa katika chombo kipana ukapata hewa na kulainika kidogo. Uliochelewa hauna dawa. Kwa hiyo shauri la busara, japo huwaudhi wanaopenda kujisifia umri wa chupa zao, ni kukosea upande wa mapema.

Kalenda pekee haitoshi kwa sababu saa ya mvinyo huendeshwa na joto. Ghala zuri hukaa kwenye nyuzi joto 12 au 13 mwaka mzima. Mjini Mbarara, ulio katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, mchana huwa na joto la kupendeza kwa binadamu, si kwa chupa. Na chini ya paa la mabati hali huwa mbaya zaidi. Mwaka ulioandikwa kwenye lebo husema zabibu zilivunwa lini. Hausemi chupa ilipitia nini kati ya bandari ya Mombasa na rafu ya duka. Mvinyo mwekundu uliokaa miaka mitatu kwenye rafu hiyo usihesabiwe kuwa na umri sawa na ndugu yake aliyelala ghalani. Hata kanisani hukumu hii haikwepeki: Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 hutaka mvinyo wa misa uwe wa zabibu na usiwe umeharibika, kwa hiyo padre aliyesahau chupa iliyofunguliwa kwenye kabati la sakristia hulazimika naye kunusa kwanza.

Shimo, mtumbwi na kinywa

Pombe ya ndizi huanza na kungoja kwa kwanza kabla hakijapatikana kinywaji chochote. Ndizi za pombe, ziwe zile za nyanda za juu zinazoitwa mbidde kwa Kiganda au aina ya kayinja, hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi. Hazifai kukamuliwa hivyo, kwani wanga wake haujageuka sukari. Huvundikwa: huwekwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa joto, kisha hufunikwa kwa majani na udongo, au hupangwa juu ya meko. Wanyarwanda huliita shimo hilo urwina. Siku nne hadi sita ndizo za kawaida. Zikifukuliwa mapema hutoa juisi kidogo yenye ukakasi. Zikichelewa huwa laini mno, juisi haijitengi na nyama yake, na uozo huanza kwenye vikonyo. Kitenzi cha Kiswahili kinastahili kusifiwa hapa. "Kuvundika" kimechipuka kutoka "kuvunda", na kinasema waziwazi kwamba kuiva ni uozo uliowekewa mipaka.

Ndizi zilizoiva humenywa na kupondwa pamoja na nyasi ngumu zinazosaidia kuitenga juisi. Juisi hiyo tamu, eshande kwa Runyankole na umutobe kwa Kinyarwanda, inaweza kunywewa na mtoto. Ikichujwa, ikaongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha ikamiminwa ndani ya mtumbwi wa mti na kufunikwa majani ya mgomba, saa huanza kuhesabu. Mtama huleta hamira za asili, na huongeza tanini kiasi, dutu ile ile inayouwezesha mvinyo mwekundu kuzeeka. Hapa haidumishi kinywaji kwa miaka. Huipa pombe rangi na ule ukali mwepesi ambao wanywaji huukosa ikipikwa bila mtama.

Kati ya siku moja na tatu zinazofuata, mpika pombe husoma dalili ambazo mtunzaji wa mvinyo angezionea wivu, kwa kuwa chombo chake kiko wazi. Sikio huanza: mtumbwi huchemka bila moto, na mvumo wake husikika kabla jani halijafunuliwa. Povu hupanda, huwa zito, kisha hukatika. Utamu hupungua kila anapoonja kwa kibuyu kidogo, na joto la koo huongezeka. Povu linapokatika ndipo uamuzi mkubwa hufika. Hadi hapo hewa ya kaboni inayotoka kwenye pombe ilikuwa kama blanketi, ikiizuia oksijeni. Sukari inapokwisha, blanketi hutoweka, na bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki hupata hewa wanayoihitaji. Nzi wadogo wa matunda huwa wapelelezi wa kwanza. Wakizidi kuzunguka ukingo wa mtumbwi, ile harufu kali ya puani haiko mbali.

Hakuna ratiba moja inayofaa kila mara. Usiku wa baridi wa Juni na Julai huchelewesha hamira, na mtumbwi uliotumika jana na kusuuzwa kwa haraka huwa tayari una hamira na bakteria wake, kwa hiyo huwahi. Ndizi za kiangazi zina sukari nyingi zaidi na maji machache. Mpika mzoefu hurekebisha maji na mtama kulingana na hayo, kisha hurudi kuonja. Anaweza kuonja mara kumi bila kupoteza zaidi ya kikombe kimoja. Asichonacho ni muda: kilele cha pombe yake ni cha saa kadhaa, au siku mbili akibahatika, ilhali cha mvinyo bora kinaweza kudumu miaka.

Tarehe inayotangulia kinywaji

Tofauti nyingine hutajwa mara chache. Mtunzaji wa mvinyo hutafuta siku inayokifaa kinywaji. Mpika pombe wa Rugaaga hupika kinywaji kinachoifaa siku. Mahari, harusi, matanga na kumaliza kilio kwa jamii nyingi za eneo hili haviendi bila pombe. Harusi ikiwa Jumamosi, pombe inapaswa kuwa kileleni Jumamosi mchana, maana yake ikamuliwe Alhamisi, na ndizi ziingie shimoni mwishoni mwa wiki iliyotangulia. Hesabu hufanywa kinyumenyume. Pombe changa ni aibu kwa mwenyeji, iliyochachuka ni aibu kubwa zaidi, na mgeni mwenye heshima huonja bila kusema.

Kwa mwenye shamba la migomba hesabu hiyo ina nafasi ya kukosea kidogo. Kwa mkimbizi aliyefika karibuni haina. Kiwanja chake ni kidogo, na mgomba huchukua mwaka au zaidi kuzaa, kwa hiyo ndizi hununuliwa kwa wenyeji, mara nyingi kwa mkopo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu kufanya kazi na biashara, lakini haimpi mtaji. Tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza mwaka 2023 kugawa msaada nchini humo kwa viwango tofauti kulingana na hali ya kaya, biashara ndogo za namna hii zimebeba mzigo mzito zaidi. Kuna pia ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, ulioripotiwa Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na ambao huishambulia kayinja kuliko aina nyingi, kwa kuwa wadudu huubeba kupitia ua la dume. Ndizi zikiadimika, kila mtumbwi hugharimu zaidi, na kishawishi cha kuuza kilichopita wakati wake hukua.

Kitenzi kimoja, hali mbili

Kiswahili kina msamiati mpana wa safari hii kuliko kinavyodhaniwa. Ndizi huvundikwa, huiva, hukamuliwa. Pombe changa ni ile isiyotimia. Ikifika panapotakiwa imeiva, au imekolea. Iliyobaki hadi kesho imelala. Iliyokosa mnunuzi imedoda, neno la sokoni lisilohusu ladha hata kidogo lakini ambalo, katika pombe, hugeuka kuwa suala la ladha ndani ya usiku mmoja. Ikizidi, imechachuka. Mlolongo huu ni hazina, na haupungukiwi chochote mbele ya istilahi za watunzaji wa mvinyo wa Ulaya.

Kasoro iko kwenye neno linalotumika zaidi ya yote. "Kuchacha" humaanisha kitendo cha hamira kinachotakiwa, na vilevile humaanisha kuharibika: maharagwe yaliyochacha hutupwa. Vitabu vya sayansi vimejaribu kutenga maana ya kwanza kwa nomino "uchachushaji", lakini katika usemi wa kila siku "pombe imechacha" inaweza kuwa sifa kwa msemaji mmoja na lawama kwa mwingine. Nakivale, ambako Kiswahili cha Kivu hukutana na cha Tanzania na cha wanafunzi wa Kiganda na Kinyankole, mkanganyiko huu si wa nadharia. Kinyarwanda na Kirundi hutumia kwa pombe iliyo tayari kitenzi kile kile cha chakula kilichopikwa kikaiva, na msemaji wa lugha hizo anapohamia Kiswahili huchukua "kuiva" kwa urahisi. Aliyejifunza Kiswahili darasani huenda akachukua "kuchacha".

Neno la pili lenye mzigo ni "haramu". Kwa Msomali Mwislamu wa Nakivale pombe yote ni haramu, na uamuzi wa lini inyweke haupo. Kwa askari, pombe haramu ni isiyo na kibali. Kwa mwuguzi wa kituo cha afya inaweza kuwa iliyotiwa sumu. Tangazo moja lenye maneno "pombe haramu" huwafikia wote watatu, na kila mmoja huondoka na ujumbe wake.

Baada ya kilele

Mvinyo uliopita wakati wake huishia kwenye siki au karo la jikoni. Pombe ya ndizi ina njia ya tatu: hukenekwa. Kilichododa hutiwa kwenye pipa, huchemshwa, na mvuke wake hupozwa kuwa waragi, ambayo Wakongo na Wanyarwanda huiita kanyanga. Waragi haina kilele wala haichachuki. Inaweza kungoja mnunuzi mwezi mzima. Kiuchumi, basi, ukenekaji ni bima ya mpika pombe aliyekosea wakati au aliyenyimwa soko. Kiafya ni kupanda ngazi kutoka kileo cha asilimia chache hadi kikali mara kadhaa zaidi.

Dola limeikazia macho ngazi hiyo ya juu. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliweka ukenekaji chini ya leseni, nao ukaendelea vijijini bila leseni. Mwaka 2010 zaidi ya watu 80 walifariki Kabale, kusini-magharibi mwa nchi, kwa kunywa waragi iliyokuwa na methanoli. Mwaka 2019 vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku. Hatua hizo zilikuwa na sababu nzito, na madhara ya ulevi katika kaya za wakimbizi hayahitaji kupunguzwa ili hoja hii isimame. Lakini zote hukutana na kinywaji kikiwa kimekwisha kubadilika. Msako unaofanyika Jumamosi asubuhi humwaga pombe iliyo kileleni, na mwenye deni la mikungu hujifunza kwamba safari ijayo ni salama zaidi kupika kitu kinachoweza kufichwa na kungoja. Kibali kinachochukua siku tatu kutoka ofisini hutolewa kwa kinywaji kisichokuwapo tena.

Maneno ya kuandikia sera

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha matumizi yake kama lugha rasmi na ufundishaji wake wa lazima shuleni. Maelekezo mengi ya afya, biashara na viwango yatakayoandikwa kwa lugha hii bado hayajaandikwa. Huo ni wakati mwafaka wa kuchagua vitenzi.

Inapendekezwa "kuiva" kitumike kwa kinywaji kilicho tayari, "kuchachuka" kwa kilichoharibika, na "kuchacha" kibaki kwa kitendo cha hamira peke yake. "Haramu" iachiwe dini. Penye suala la kibali iandikwe "isiyo na leseni", na penye sumu itajwe sumu yenyewe. Lebo nazo zifikiriwe. Kanuni za Codex Alimentarius huusamehe mvinyo, pamoja na vinywaji vyenye kileo cha asilimia 10 au zaidi, wajibu wa kuandika tarehe ya mwisho. Pombe ya ndizi ikifungashwa chupani, nguvu yake ikiwa chini ya hapo, haitasamehewa, na tarehe moja haitatosha kuieleza: itahitaji saa iliyokamuliwa na maelezo ya namna ya kuonja. Kipeperushi cha Nakivale chenye mambo hayo kiweke kando ya kila kitenzi cha Kiswahili neno lake la Runyankole, Kinyarwanda na Kirundi, na kijaribiwe kwanza kwa kusomwa kwa sauti mbele ya wapika pombe wenyewe, kabla nakala nyingine hazijachapishwa.